Sabasaba yangu ya Puri, siku mungu anapotoka ndani kwenda kwa mama mdogo

Ijumaa, tarehe 5 Julai 2024

Tumetoka Bhubaneswar jioni na treni, mi na mshkaji wangu tunayekaa naye chumba kimoja hosteli. Ni kama kilomita 60 tu mpaka Puri lakini leo hata pa kuweka mguu hapakuwepo, watu wamekaa mlangoni, watu wamekaa juu ya mabegi ya watu wengine, na kila treni ikipunguza mwendo tu behewa zima linapiga kelele "Jay Jagannath!", wakimshangilia mungu wa Puri, mpaka unasikia kifua kinatikisika. Mwaka wa pili huu nasoma huku Odisha, India, mwaka jana niliikosa hii Ratha Yatra, sherehe ya kuvuta magari ya miungu, kwa sababu ya mtihani, nikaiangalia kwenye simu ya mtu, nikajiapiza mwaka huu lazima.

Tumefikia kwa mama mdogo wa mshkaji, hapo hapo Puri, nyumba iko kichochoroni, ukitoka mlangoni unasikia bahari. Kwa Kiodia, lugha ya huku, mama mdogo ni mausi, na mimi pia nimeambiwa nimwite hivyo hivyo. Yeye ananiita pua. Mara ya kwanza nilishika pua yangu nikidhani kuna kitu, kumbe kwao pua ni mtoto wa kiume. Akanipa maji, akaniangalia miguu, akasema kesho nisivae viatu vya kamba maana nitavipoteza.

Usiku kabla ya kulala nilimwambia ukweli, kwamba mimi ni Mwislamu, nimetoka Tanga, nimekuja kuona na kujifunza, na chakula kile kilichotolewa kwa miungu sitakula, asione nimemdharau. Nilikuwa naogopa kweli. Akasema basi nitakupikia cha jikoni kwangu. Akapika dalma, ile dengu yao inayopikwa na mboga ndani, boga, ndizi mbichi, bilinganya, na hakuigusia tena hiyo habari.

Jumamosi, tarehe 6

Asubuhi wamekula pakhala, ule wali wa jana uliolowekwa kwenye maji ukalala mpaka ukawa na uchachu kidogo, wanakula na mboga za kukaanga na pilipili mbichi. Sisi kiporo tunakipasha moto, wao wanakizamisha majini, na kwa joto hili la Julai niliwaelewa kabisa.

Alafu tukaenda mjini. Hekalu la Jagannath unaliona toka mbali, mnara wake una kama mita 65, umejengwa karne ya 12 enzi za mfalme Anantavarman Chodaganga, na juu kabisa kuna gurudumu la mchanganyiko wa metali nane na bendera. Tulifika mpaka mlango wa mashariki wanaouita Mlango wa Simba, mbele yake kuna nguzo ndefu ya jiwe iliyoletwa kutoka hekalu la jua la Konark. Hapo ndo safari yangu iliishia. Pana maandishi kwamba wanaoruhusiwa kuingia ni Wahindu tu. Na hawatanii, mwaka 1984 hata Indira Gandhi mwenyewe, waziri mkuu wa nchi, alizuiwa kwa sababu mumewe alikuwa Mparsi, mtu wa dini ya Zoroasta.

Nitasema nilivyojisikia. Nilijua toka zamani kwamba sitaingia, na hata ningeambiwa karibu sijui kama ningeingia, ila kusimama mbele ya mlango ambao wengine wote wanapita na wewe hupiti ni kitu kingine. Hasa mimi ambaye huku India nimeshazoea kuangaliwa. Mausi aliona uso wangu. Akaniambia mlangoni pale kuna sanamu ya Jagannath imewekwa ili anayezuiwa aweze kuiona akiwa barabarani, wanaiita Patitapabana, yaani mwenye kuwatakasa walioanguka, alafu akasema, "Na kesho pua, wewe huendi kwake. Yeye ndo anakuja kwako."

Nikamuuliza sana maswali nikiwa nimekaa naye kibarazani kwa muuza chai, na sasa naandika nilivyomwelewa. Ndani wanakaa ndugu watatu, Jagannath, kaka yake Balabhadra, na dada yao Subhadra, na wote wamechongwa kwa mti wa mwarobaini. Ndiyo, mwarobaini huu huu wa kwetu! Hawana vidole wala miguu, mikono imeishia njiani na Subhadra hana kabisa, ila macho ni makubwa, ya Jagannath ni ya mviringo, hayana kope. Baada ya miaka kadhaa miti mipya inatafutwa na wanachongwa upya, mara ya mwisho ilikuwa 2015 na kabla ya hapo 1996. Sasa kila mwaka kabla ya sherehe wanaogeshwa hadharani kwa vyungu 108 vya maji, wakishaoga wanashikwa na homa, wanafungiwa chumbani kama wiki mbili, wanapewa dawa za mizizi, hawaonekani na mtu. Wakipona ndo wanasafiri kwenda kupumzika hekalu la Gundicha, kilomita kama 3 kutoka hapa, na watu wa kawaida wanapaita nyumbani kwa mama mdogo wao.

Mimi hiyo ndo iliniingia. Mtu kaumwa, kapona, kapelekwa kwa mama mdogo abadilishe hewa. Nani kwetu hajapelekwa kwa mama mdogo akiwa mtoto?

Jioni tuliona mafundi wakimalizia magari ya mbao ya kuwabeba miungu kwenye hiyo safari. Kila mwaka yanajengwa mapya, kazi inaanza siku ya Akshaya Tritiya mwezi wa nne au wa tano, maseremala ni wa ukoo, baba anamwachia mwana. La Jagannath linaitwa Nandighosha, magurudumu 16, kitambaa chekundu na njano. La Balabhadra Taladhwaja, magurudumu 14, nyekundu na kijani. La Subhadra Darpadalana, magurudumu 12, nyekundu na nyeusi. Nandighosha linafika mita 13 na kitu, yaani ghorofa nne zinazotembea, na ni mbao. Nilisimama chini ya gurudumu moja likanipita kichwa. Sherehe ikiisha yanabomolewa na mbao nyingi zinaishia kuwa kuni za jiko la hekalu, lile jiko wanalopandisha vyungu vya udongo kimoja juu ya kingine. Nilimuuliza fundi mmoja mzee kama haimuumi, kazi ya miezi miwili kuchomwa. Mshkaji akatafsiri, mzee akashangaa swali lenyewe, akasema mwakani nitatengeneza tena.

Jumapili, tarehe 7

Kwetu leo Sabasaba. Nilipoamka saa kumi na moja alfajiri kuswali nilikumbuka hilo, nikakumbuka maonesho, vumbi, na wazazi wamemshika mtoto mkono asipotee. Mausi kanishika mkono hivyo hivyo leo nzima, mimi mtu mzima wa miaka 22.

Mwaka huu mambo yamebanana. Kwa kawaida siku ya miungu kuonekana baada ya homa na siku ya safari ni mbali mbali, lakini kalenda ya mwezi imefanya vyote viangukie leo, kitu ambacho hakijatokea toka 1971. Kwa hiyo safari imepangwa siku mbili, na serikali ya Odisha ikatoa likizo siku mbili. Rais wa India Droupadi Murmu naye kaja, ye mwenyewe ni mzaliwa wa Odisha, kwa hiyo polisi walikuwa kila kona.

Saa mbili asubuhi tulishasimama Bada Danda, maana yake barabara kuu, na ni pana kweli, lakini leo huioni lami. Ukiinua mkono hauna pa kuurudisha. Watu kwenye mapaa, watu kwenye balkoni, vijana wa kujitolea wanapulizia maji juu ya umati na wanarusha pakiti za maji ya kunywa, na katikati ya hayo yote ikaja ambulensi, nikasema hii haipiti, mtu huyu atafia humo. Aisee ule umati ulipasuka. Vijana walishikana mikono pande mbili, njia ikatokea, gari likapita bila kusimama, na nyuma yake watu wakajifunga tena kama maji. Nimeona mara tatu leo, na kila mara nililengwa na machozi.

Mchana ndo wakaanza kuwatoa. Inaitwa pahandi. Kwanza unasikia, kabla hujaona, patu za shaba zinagongwa kwa mpigo mmoja kwa mamia, ngoma, makombe ya bahari yanapulizwa, na wanawake wanapiga vigelegele. Kabisa, vigelegele, ulimi ule ule, sauti ile ile ya harusini kwetu. Nikamwambia Mausi hata sisi tunapiga, akasema piga basi, nikamwambia kwetu ni kazi ya akina mama, akacheka akapiga yeye kwa niaba yangu.

Hawabebwi taratibu kama kitu cha kioo. Wanasukumwa, wanavutwa, wanayumbishwa mbele na nyuma, hatua moja baada ya nyingine, kama mtoto anayejifunza kutembea au mtu aliyetoka kuumwa. Kichwani wana taji kubwa la maua, linaitwa tahia, kila hatua linanesa, na watu wanagombania maua yanayodondoka. Sudarshana, lile gurudumu takatifu la Jagannath, alitangulia, akafuata Balabhadra mweupe, Subhadra wa njano, na mwisho kabisa Jagannath.

Ni mweusi. Nilijua, nimeona picha zake kwenye kila bajaji ya Bhubaneswar, ila picha ni picha. Alipojitokeza pale mlangoni, uso mweusi tii na yale macho makubwa, umati wote ulinyanyua mikono, na bibi mmoja mbele yangu akaanza kulia akiita "Kalia! Kalia re!" Nikamuuliza mshkaji anasema nini. Akasema anamwita jina lake la nyumbani, maana yake mweusi, mweusi wangu.

Hapa lazima nieleze. Neno la karibu na hilo mimi nimeitwa sana huku, sokoni, kwenye basi, na watoto waliotumwa na wakubwa wao. Si kwa upendo. Nimejifunza kutogeuka. Sasa nimesimama katikati ya laki za watu wanaolilia neno hilo hilo kwa mapenzi, mzee wa kiume mwenye ndevu nyeupe anasema mweusi wangu na machozi yanamtoka, na mimi sikujua niuweke wapi moyo wangu. Bibi yule aligeuka akaniona. Akanishika shavu. Akasema kitu, mshkaji akatafsiri, "Una rangi yake." Sikujibu, nilishindwa.

Baada ya hapo ni Gajapati, mfalme wa Puri, Dibyasingha Deb, kaletwa kwenye kiti cha kubebwa. Ufalme wa kutawala haupo tena lakini kazi hii imebaki. Anapanda kila gari, ananyunyiza maji ya liwa, anafagia jukwaa kwa fagio la mpini wa dhahabu. Mfalme anafagia, na watu wanamwangalia akifagia, miaka yote. Kisha wakafunga farasi wa mbao na kamba.

Ilikuwa imeshapita saa kumi na moja jioni gari la Balabhadra lilipotingishika. Kule juu yupo mtu wa kuimba, anaitwa dahuka, ana fimbo, anaimba kuwahamasisha wavutaji. Na sauti ya lile gurudumu la kwanza likizunguka, mbao ikisaga mbao, sijui niifananishe na nini, kama jahazi zito likisuguana na gati. La Jagannath lenyewe lilivutwa mita chache tu, jua likazama, wakasimamisha, kwa sababu usiku hayavutwi. Watu hawakununa hata kidogo. Wamelala hapo hapo barabarani kuyazunguka magari. Sisi tumerudi saa nne usiku, Mausi miguu imevimba, nikampashia maji ya chumvi.

Jumatatu, tarehe 8

Leo nimeshika kamba, na nataka niandike ilivyokuwa kabla sijaanza kuipamba.

Sikuwa nimepanga. Nilipanga kukaa na vijana wa mtaa wa Mausi tugawe maji, na tuligawa kweli toka asubuhi. Tulikuwa mbele kidogo na lile kaburi la Salabega, liko kwenye Bada Danda yenyewe. Huyu alikuwa mshairi wa karne ya 17, baba yake Mwislamu, ofisa wa Mughal, dola iliyotawala India enzi hizo, mama yake alitoka familia ya Brahmini, tabaka la makuhani wa Kihindu. Alimpenda Jagannath maisha yake yote na hakuruhusiwa kuingia hekaluni hata siku moja. Wanasimulia kwamba mwaka mmoja alikuwa mbali, kaumwa njiani, akaomba asubiriwe, na lile gari kubwa likagoma kusogea mpaka alipofika. Mpaka leo nyimbo zake zinaimbwa ndani ya hekalu ambalo hakuingia, na Nandighosha likipita hapo ni desturi lisimame kidogo. Nimesimama pale na ndoo ya maji nikimfikiria huyo mtu kuliko nilivyofikiria kitu kingine chochote.

Magari yalianza tena saa tatu na nusu. Nandighosha lilipotukaribia umati ulisukumwa pembeni, mi nikasukumwa upande usio wangu, ndoo ikaenda, na nikajikuta kamba iko kifuani kwangu. Nene kama paja la mtoto. Mzee aliyekuwa mbele akageuka akasema "dhara, dhara", shika. Nilikuwa na sekunde mbili au tatu za kufikiri, na nilifikiri, nilimfikiria baba, nilimfikiria maalim wangu wa madrasa pale Ngamiani. Nikashika.

Ilikuwa usumba. Kamba ya makumbi, inayochoma kiganja, yenye harufu ile, mimi nimekua na hiyo harufu, tukivuta ngalawa mchangani kila mtu anashika, mgeni anashika, anayepita njia anashika, hakuna anayeulizwa ni nani wala anasali wapi, ni mzigo tu na mikono. Mikono yangu ilijua cha kufanya kabla yangu. Tukavuta, haikusogea, tukavuta, upatu ukalia kwa nguvu, ikasogea ghafla mpaka watu tukaangukiana vifuani, na niliangalia nyuma nikaona yale macho yanakuja juu ya vichwa vya watu.

Labda mita thelathini, labda arobaini. Alafu askari wakatusogeza wengine waingie.

Saa nane na nusu mchana hivi lilikuwa limefika Gundicha. Kwa mama mdogo. Mausi akauliza viganja vimefanyaje, nikamwonyesha, akapaka mafuta ya nazi na hakusema chochote.

Jumatano, tarehe 10

Nimesharudi hosteli, mtihani. Jana usiku Mausi alipiga simu analia, wakati wa kumshusha Balabhadra kwenye gari kuingia Gundicha sanamu iliteleza na watumishi kadhaa waliumia. Ananiambia kama anayeniambia habari za ndugu aliyeanguka ngazi.

Jumapili, tarehe 14

Kwenye kibanda cha chai hakuna mada nyingine. Leo wamefungua hazina ya hekalu, Ratna Bhandar, ambayo mara ya mwisho vitu vyake vilihesabiwa 1978. Muuza chai anasema wenyewe hawapo nyumbani ndo wanaingia kupekua. Kesho ni safari ya kurudi, wanasimama njiani kula poda pitha, mkate wa mchele na nazi unaookwa kwenye makaa, na mimi kesho nina mtihani.

Jumatano, tarehe 17

Mtihani umeisha, leo sikukuu ya Ashura, nimefunga, na nimepanda treni ya mchana kwenda Puri kwa sababu Mausi amesema nikikosa Suna Besha, siku ya kuvalishwa dhahabu, nitakuwa sijaona kitu.

Magari matatu yameshapangwa mbele ya Mlango wa Simba, miungu bado iko nje juu ya magari, haijaingia ndani. Na leo wamevalishwa dhahabu. Mikono ya dhahabu, miguu ya dhahabu, mataji, mikufu, jumla watu wanasema zaidi ya kilo 200. Yaani ile mikono ambayo mchongaji hakuimalizia, leo inamalizwa kwa dhahabu. Jua linapoanza kushuka ule uso mweusi katikati ya dhahabu unakolea zaidi, hutoi macho. Mausi aliniambia wakirudi ndani mlango wataukuta umefungwa, mke wa Jagannath, Lakshmi, amenuna kwa sababu aliachwa nyumbani, na mumewe hatafunguliwa mpaka amletee rasagola, vile vidonge vitamu vya maziwa. Ilibidi niulize mara mbili kama anasema kweli. Anasema kweli.

Saa kumi na mbili na nusu jua likazama. Nilikuwa na tende tatu mfukoni. Mausi ndo aliyekuwa anaangalia saa kunishinda mimi, akatoa chupa ya maji kwenye pochi yake akanifungulia kifuniko, na watu wawili waliokuwa karibu wakasogea kidogo nipate nafasi ya kuinua mkono. Nikafuturu pale, katikati ya barabara.

Alafu nikampigia baba. Kule ilikuwa saa kumi jioni, nilisikia nyuma watoto wanacheza. Nilimweleza kila kitu, na nilipofika kwenye kamba nikasema haraka haraka, baba, niliishika, nilivuta na wao. Akakaa kimya. Nikasikia anavuta kiti.

"Kamba ya nini?"

"Ya usumba, baba."

"Imesokotwa kwa mkono?"

Nikamwambia nadhani. Akauliza ina nyuzi ngapi, nikamwambia sikuhesabu, akasema nihesabu basi kabla sijaondoka. Nikamwomba Mausi anishikie begi, nikaanza kupenya kwenda mbele.